Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Simu ya Video Inakatikakatika?

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinahusu maongezi na mikutano ya video inayoganda, kukatikakatika au kukataa kabisa kuunganishwa. Nimechagua nne zisizofanana, kwa sababu dalili ambazo kwa macho ni zilezile huweza kuwa zimetoka mahali tofauti kabisa. Jibu la barua ya kwanza ni refu kwa kuwa linabeba njia ya kupima ambayo majibu mengine yanaitegemea.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Unguja, na wanafunzi wangu wako Marekani na Ujerumani. Ninafundisha kwa Zoom kuanzia saa mbili usiku. Nyumbani nimefungiwa intaneti ya faiba, na kila nikipima kasi napata megabiti 20 kwa sekunde. Hata hivyo wanafunzi hulalamika kwamba sauti yangu inakuwa kama ya roboti na picha yangu inaganda, ilhali mimi ninawaona na kuwasikia vizuri. Asubuhi nikijaribu na ndugu zangu hakuna tatizo. Mafundi wa kampuni walikuja, wakapima kasi, wakasema laini ni nzima. Nifanye nini?
*Mwalimu, Unguja*

JIBU: Mwalimu, barua yako ina ushahidi mwingi kuliko unavyodhani. Lenye thamani kubwa zaidi ni kwamba wewe unawaona vizuri ilhali wao hawakuoni, maana yake data inayoingia kwako inafika salama na inayotoka kwako ndiyo inayokwama njiani. La pili ni kwamba shida huanza usiku. Tukiyaweka hayo mawili pamoja, tumeshapunguza nusu ya kazi kabla hatujagusa kifaa chochote.

Kwanza tuziweke kando hizo megabiti 20, kwa sababu ndizo zinazowapoteza watu wengi, mafundi wakiwemo. Zoom wenyewe wanaeleza kwamba maongezi ya watu wawili kwa picha ya ubora wa kawaida yanahitaji takriban kilobiti 600 kwa sekunde kwenda na kiasi hichohicho kurudi, picha iliyo kali zaidi, ya 720p, inahitaji megabiti 1.2, na sauti peke yake haizidi kilobiti 100. Njia yako, basi, ni pana mara nyingi kuliko inavyohitajika. Simu ya video haidai data nyingi. Inadai data ifike kwa wakati. Sauti yako hukatwa vipande vidogo, kwa kawaida kimoja kila milisekunde 20, yaani vipande 50 kwa sekunde, na kila kipande husafiri ndani ya pakiti yenye namba yake. Programu ya msikilizaji huweka akiba ndogo ya pakiti ili kusawazisha zilizowahi na zilizochelewa. Pakiti ikichelewa kupita akiba hiyo hutupwa hata kama imefika nzima, kwa kuwa zamu ya kuichezesha imeshapita. Barua pepe ikichelewa nusu sekunde hakuna anayejua, lakini sauti ikichelewa hivyo programu hujaribu kuziba mapengo kwa kubahatisha, na hapo ndipo wanafunzi wako wanaposikia roboti.

Mambo ya kupima kwa hiyo ni matatu: muda ambao pakiti inachukua kwenda na kurudi, kuyumba kwa muda huo kutoka pakiti moja hadi nyingine, na idadi ya pakiti zinazopotea. Kuhusu la kwanza, Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, unapendekeza ucheleweshaji usizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja ili maongezi yaende bila watu kukatizana, na unaweka milisekunde 400 kuwa kikomo. Usishtuke ukiona muda wa kwenda na kurudi hadi Marekani unapita 200. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 za waya huongeza milisekunde 5 kwa upande mmoja, na nyaya za baharini hazinyooki kama mstari wa kwenye ramani. Umbali huo hauna dawa, lakini pia hauyumbi. Muda wa 230 usiobadilika unafundishika vizuri kabisa, lakini ule unaoruka kutoka 60 hadi 700 na kurudi haufundishiki.

Chombo cha kupimia tayari unacho kwenye kompyuta. Ni amri ya ping, inayotuma pakiti moja baada ya nyingine na kuonyesha kila moja imechukua milisekunde ngapi kwenda na kurudi. Mmarekani Mike Muuss aliiandika Desemba 1983, na kwa maoni yangu hadi leo haijapata mpinzani katika kazi hii. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika ipconfig, kisha tafuta mstari wa Default Gateway. Namba iliyopo hapo, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, ndiyo anwani ya ruta yako. Andika ping -t na kufuatiwa na anwani hiyo. Fungua dirisha la pili, na humo uandike ping -t 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google iliyo nje ya nyumba yako na nje ya kampuni yako ya intaneti. Yaache madirisha yote mawili yakiendelea wakati wa somo, kwa maana kipimo kilichochukuliwa mambo yakiwa shwari hakisemi lolote juu ya saa mbili usiku.

Sasa soma namba za dirisha la kwanza. Kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye ruta iliyo chumba cha pili, safari inapaswa kuchukua milisekunde 2 au 3, na isizidi 10 isipokuwa kwa nadra. Ukiona mfululizo kama 2, 3, 2, 180, 3, 240, kisha Request timed out, basi shida imo ndani ya nyumba, kwenye Wi-Fi, na kampuni haihusiki. Nyumba za Unguja zenye kuta nene za mawe ya matumbawe zinajulikana kwa jambo hili: masafa ya GHz 5 huishia ukutani, simu na kompyuta zikahamia GHz 2.4, ambako ruta za majirani wote zinagombania chaneli zilezile. Kwenye GHz 2.4 chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11 tu, kwa hiyo kubadilisha chaneli husaidia kidogo, na kusogeza ruta husaidia zaidi. Mimi huwashauri watu wanunue waya wa mtandao na kuuchomeka moja kwa moja kutoka ruta hadi kompyuta, kabla hawajatumia fedha kununua vile vifaa vya kuongeza nguvu ya Wi-Fi, ambavyo vingi hupokea na kurusha kwa masafa yaleyale na hivyo kupunguza uwezo karibu nusu. Waya una faida nyingine, nayo ni kwamba unaondoa mashaka: tatizo likiisha ulipouchomeka, jibu umeshalipata.

Ikiwa dirisha la kwanza limetulia na la pili ndilo linaloruka, shida iko kati ya ruta na dunia ya nje, na kwa ushahidi uliotoa naweza kukisia ilipo. Jioni watu wa nyumbani wanarudi, simu zao zinajiunga na Wi-Fi, na papo hapo zinaanza kupandisha picha na video za mchana kwenye Google Photos na kwingineko bila mtu kuziamuru. Vifurushi vingi vya nyumbani vina kasi ndogo ya kupandisha kuliko ya kushusha, na tangazo huwa linaitaja ya kushusha pekee. Njia ya kupandisha ikijaa, ruta haizitupi pakiti zilizozidi bali huzipanga foleni kwenye kumbukumbu yake, na pakiti za sauti yako, ndogo na zenye haraka, zinasubiri nyuma ya harusi nzima ya jirani iliyopigwa picha na mwanao. Mhandisi Jim Gettys ndiye aliyelipigia kelele tatizo hili mwanzoni mwa miaka ya 2010, na mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha mbinu ya kulitibu iitwayo CoDel.

Lithibitishe hivi. Mchana, nyumba ikiwa tulivu, endesha ping kuelekea 8.8.8.8 na uangalie namba. Kisha anza kupandisha video kubwa kwenye Google Drive huku ukiendelea kuangalia. Namba zikipanda mara moja hadi mamia na kushuka mara tu unapositisha upandishaji, umeshamkamata mwizi. Dawa ya haraka ni kuzima upandishaji wa picha kwenye simu zote saa za masomo. Dawa ya kudumu ni ruta yenye kipengele cha SQM, au QoS iliyo nzuri, yaani mpangilio wa kuzisimamia foleni za pakiti, ambamo unaweka kikomo cha kupandisha kilicho chini kidogo ya kasi yako halisi, tuseme asilimia 85 hadi 90, ili foleni isijengeke. Utapoteza kasi kidogo kwenye kipimo, na hutaijutia. Mafundi hawakukudanganya waliposema laini ni nzima; walichopima hakikuwa kile ulicholalamikia.

SWALI: Mhariri, mimi ni mstaafu, naishi Songea. Binti yangu yuko Toronto, Canada, na tunaongea kwa WhatsApp kila Jumapili jioni. Simu yangu inaonyesha mtandao umejaa, lakini picha inaganda na sauti inapotea. Nimekuwa nikinunua bando kubwa zaidi, wapi. Je, simu yangu imechoka?
*Mzee wa Songea*

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Simu inaweza kuwa imechoka, lakini sitaanza kuilaumu. Nianze na bando, kwa sababu hapo fedha yako inapotea bure. Bando ni kiasi cha data ulichoruhusiwa kutumia. Likiwa kubwa unaongea kwa muda mrefu zaidi, lakini haliongezi ubora wa njia hata chembe. Vistari vya mtandao navyo vinaeleza jambo moja tu, kwamba simu yako inausikia mnara vizuri. Havisemi ni watu wangapi wanaugawana mnara huo wakati uleule, na Jumapili jioni, watu wakiwa nyumbani na kila mmoja ameshika simu, mnara ulio imara unaweza kuwa umeelemewa.

Njia ya kulijua hili haihitaji kifaa. Mwombe binti akupigie saa kumi na moja alfajiri ya Jumapili, ambayo kwake Toronto ni saa nne usiku wa Jumamosi wakati wa kiangazi, au saa tatu wakati wa baridi. Maongezi yakiwa safi alfajiri na mabovu jioni, kwa simu ileile na ukiwa umekaa mahali palepale, basi ni msongamano wa mnara, na utachagua kati ya kuhamisha muda wa maongezi na kujaribu laini ya kampuni nyingine yenye mnara wake. Azima laini ya mjukuu kwa jioni moja kabla ya kununua.

Yakiwa mabovu hata alfajiri, tazama mahali unapokaa. Bati na zege vinazuia mawimbi, na simu iliyo ndani kabisa ya nyumba inaweza kuwa inaruka kutoka 4G kwenda 3G na kurudi, kila mruko ukikata maongezi kwa sekunde kadhaa. Kwenye simu nyingi za Android, ukiingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, kisha hali ya laini, utaona nguvu ya mawimbi kwa namba hasi yenye dBm. Kwa 4G, namba iliyo karibu na 85 hasi ni nzuri, na ile inayokaribia 115 hasi ni dhaifu, hata kama vistari vinajitapa. Tembea nayo hadi barazani uone inavyobadilika, kwani hatua chache tu huweza kuleta tofauti kubwa. Ndani ya WhatsApp, kwenye mipangilio ya hifadhi na data, kuna pia kipengele cha kutumia data kidogo wakati wa simu, kiwashe. Na picha ikianza kuganda, izime, muendelee kwa sauti, kwa maana sauti inahitaji sehemu ndogo sana ya kile inachohitaji picha.

Jambo la mwisho huwa linasahauliwa: huenda tatizo liko Toronto. Mwambie binti ampigie mtu mwingine, rafiki aliye hukohuko Canada, akiwa kwenye intaneti ileile anayoitumia kuongea nawe. Hatupaswi kudhani kwamba kila kinachokatika kimekatika Songea.

SWALI: Niko Dubai kikazi. Ujumbe wa WhatsApp unapita bila shida, lakini nikimpigia mke wangu Tanga, iwe kwa sauti au kwa video, inabaki kuunganisha tu kisha inakatika. Intaneti ya hapa ina kasi kubwa. Tatizo ni la Tanga?
*Msomaji, Dubai*

JIBU: Kaka, hapana. Mwambie shemeji asinunue simu nyingine. Ujumbe ukipita na simu isipite hata mara moja, saa zote, mahali popote mjini, hiyo si dalili ya mtandao mbovu, kwani mtandao mbovu huharibu vyote viwili na huyumba kutoka saa hadi saa. Katika Falme za Kiarabu simu za intaneti ni huduma inayohitaji kibali, na simu za WhatsApp zimekuwa zikizuiwa huko kwa miaka mingi, huku ujumbe ukiachwa upite. Zipo programu zilizoruhusiwa, kama BOTIM, na Zoom na Microsoft Teams nazo zinatumika kwa mikutano. Orodha hutolewa na mamlaka ya mawasiliano ya nchi, hivyo iulize kampuni yako ya simu ni zipi zinazofanya kazi sasa, kisha mke wako apakue hiyohiyo. Wapo watakaokushauri utumie VPN, yaani programu inayoficha unachofanya mtandaoni ili kukwepa kizuizi. Sheria ya huko ina adhabu kali kwa anayeitumia kuficha kosa, na mimi sitakushauri hivyo.

SWALI: Mimi ni meneja wa ofisi ndogo Arusha. Mikutano yetu ya Teams huharibika karibu kila alasiri. Fundi wetu wa kompyuta anasema tatizo ni la kampuni ya intaneti, na kampuni inasema tatizo ni letu. Nitajuaje nani mkweli?
*Meneja, Arusha*

JIBU: Ndugu Meneja, mabishano ya namna hii hayaishi kwa maneno kwa sababu kila upande unapima kipande chake tu. Siku moja alasiri, tatizo likiwa limeshaanza, mwambie fundi achomoe mtandao wote wa ofisi kwenye kifaa cha kampuni ya intaneti, achomeke kompyuta mpakato moja kwa waya, kisha aingie kwenye mkutano. Ofisi italalamika kwa dakika kumi, lakini jibu litakuwa halina ubishi: mkutano ukiwa mzuri, shida ni ya ndani, ukibaki mbovu, shida ni ya kampuni au ya mbele yake.

Ikiwa ni ya kampuni, usiwaandikie kwamba intaneti ni mbaya. Waandikie tarehe, saa ya kuanza na kuisha, matokeo ya ping ya mfululizo yakiwa na asilimia ya pakiti zilizopotea, na matokeo ya tracert, amri inayoorodhesha vituo ambavyo pakiti zinapitia. Hapa fundi awe mwangalifu, kwa sababu nimeona barua nyingi za malalamiko zikitupwa kwa kosa moja. Kituo cha katikati kikionyesha nyota badala ya milisekunde, au muda mkubwa, huku vituo vinavyofuata vikiwa sawa, hapo hakuna tatizo. Ruta nyingi kubwa huchelewesha au hukataa kuijibu ping huku zikipitisha data kama kawaida. Tatizo la kweli huanza kwenye kituo fulani na kuendelea kwenye vyote vilivyo baada yake hadi mwisho.

Pia atenganishe ya ndani ya nchi na ya nje. Tovuti zenye seva Tanzania zikiwa nyepesi na za nje zikiwa nzito, na wateja wa kampuni nyingine nao wakilalamika, huenda ni nyaya za baharini. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika upande wa Afrika Kusini, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana, na miezi michache kabla yake nyaya nyingine zilikuwa zimekatika katika Bahari ya Shamu. Siku kama hizo hakuna fundi wa Arusha anayeweza kusaidia, na data inayozungushwa njia ndefu hubaki na ucheleweshaji mkubwa hadi meli ya matengenezo imalize kazi. Lakini nyaya hazikatiki kila alasiri saa tisa, kwa hiyo kwenu sidhani kama ndizo.

Ikiwa mkutano ulikuwa mzuri kwenye waya wa moja kwa moja, mgeukie fundi kwa upole na umwombe aangalie fayawoli ya ofisi, yaani mlinzi anayechagua data ipi ipite na ipi izuiwe. Teams hupendelea kusafirisha sauti na picha kwa UDP, njia ya kutuma pakiti bila kusubiri zilizopotea, kupitia poti (milango ya data yenye namba) 3478 hadi 3481, na poti hizo zikifungwa, mkutano hautakataa kuanza. Utahamia kimyakimya kwenye njia nyingine iitwayo TCP, poti 443, ambako pakiti moja iliyopotea inazifanya zilizo nyuma yake zisubiri hadi irudishwe. Asubuhi, mtandao ukiwa mwepesi, hakuna anayetambua. Alasiri, wenzenu wanapoanza kupandisha taarifa za siku na pakiti chache zinapopotea, ndipo mkutano unapoganda. Kuzifungua poti hizo ni kazi ya dakika chache, nayo ifanyike kabla barua ya malalamiko haijatoka ofisini kwako.